Tumbo la Nakijwa

Siku Nakijwa alipobakiza chakula kwenye sahani, Daktari Lwitiko Mwakalonge alijua kuna jambo. Tangu aanze kazi pale kituoni hakuwahi kumwona mwanamke yule akiacha hata punje.

Walikuwa wakila pamoja, kama watu waliotenganishwa na kioo wanaweza kusemwa wanakula pamoja. Upande wa Lwitiko kulikuwa na wali na kabichi. Upande wa Nakijwa kulikuwa na makande, kama jana, kama juzi, kama kila siku: mahindi na maharage kutoka mashamba ya kwao Usangi, milimani Upareni, yasiyopigwa dawa yoyote, yakiletwa katika magunia yaliyofungwa lakiri. Sauti zao zilipita kwenye kispika kidogo kilichochomekwa ukutani.

"Dada Nakijwa, hujamaliza."

"Nimeshiba."

"Wewe? Umeshiba?"

Nakijwa alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika, akajishika kiuno. "Mgongo unauma, Daktari. Nadhani nimelala vibaya."

"Unauma wapi?"

"Huku pembeni, chini ya mbavu. Usinitolee macho hivyo. Nimekuwa mzee, basi."

Hakuwa mzee. Alikuwa amekuja hapo akiwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mkataba mfupi, akaongeza mwingine, na mwingine, hadi nywele zikaanza kuingia mvi. Kituo kilijengwa juu ya uwanda wa Kitulo, kwenye baridi na ukungu, kwa sababu moja tu: watu hawakuwepo. Hewa iliyoingia kwake ilichujwa. Maji yake yalichemshwa. Hakuna aliyemshika mkono bila glavu, hakuna aliyekula naye sahani moja, na hata wimbo wa kanisani aliuimba peke yake akifuatisha redio. Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya vijidudu visivyoonekana vilivyoishi tumboni mwake.

Lwitiko alivifahamu vijidudu hivyo kwa namna mbili. Kwanza, ndiyo ilikuwa kazi yake. Pili, alikuwa navyo tumboni mwake mwenyewe.

Kabla ya hapo aliishi na maradhi ambayo watu waliyaita tumbo la hasira. Hayaui. Ukipimwa damu uko safi, ukipigwa picha utumbo uko salama, na daktari anakuambia punguza mawazo. Lakini tumbo linajaa gesi hadi mkanda haufungi, linanyonga, leo linaharisha, kesho limefunga kama mlango wa chuma. Kila alipoingia jengo jipya alitafuta kwanza choo kiko wapi. Aliacha kwenda harusini, akaacha kusafiri, akaacha kukaribisha wageni. Mkewe, Tusekile, alivumilia kwa muda mrefu, kisha siku moja akakunja nguo zake taratibu na kusema, "Sikuchukii, Lwitiko. Ila hii nyumba ina watu wawili na mmoja yuko chooni."

Wataalamu walikuwa wamegundua sehemu ya siri ya ugonjwa huo. Utumbo wa mtu una vijidudu vingi kuliko watu wote waliopata kuishi duniani, na kila jamii ina kazi yake. Kwa wagonjwa wengi wa tumbo la hasira, jamii hizo zilikuwa zimepoteza uwiano. Zilizozidi zilitoa gesi na kemikali za kuchokoza ukuta wa utumbo, hadi mishipa ya fahamu iliyomo ikawa kama kengele ya mlango inayolia hata upepo ukipita. Ubongo nao ukiisikia hauulizi ni nani amebisha. Unaogopa tu, na hofu hiyo inashuka tena tumboni.

Kisha, katika uchunguzi wa walaji wa makande huko Upareni, ikaonekana jamii moja ya bakteria ambayo haikuwahi kuonekana kwingine. Ilikula nyuzinyuzi za maharage na kutoa kitu kilichotuliza ukuta wa utumbo. Ilipatikana kwa mtu mmoja tu, Nakijwa Mbonea. Ilipopandikizwa kwa wagonjwa, kengele zilinyamaza. Shida ni kwamba ikikuzwa kwenye chupa ilipoteza tabia yake, na ikigandishwa haikuamka. Wagonjwa nao walihitaji kuongezewa kila baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa wenyeji wa matumbo yao waliisukuma nje. Kwa hiyo kila asubuhi Nakijwa alikwenda chooni kama mtu yeyote, kilichotoka kikasafishwa na kutiwa kwenye vidonge, na droni zikavibeba kwa maelfu ya watu. Taasisi ya Mbegu Hai, iliyokuwa na makao yake Dodoma, iliviita mbegu.

Jioni hiyo Nakijwa alipitisha kichupa cha mkojo kwenye kijidirisha cha ukutani. Lwitiko alikitia kwenye mashine, akasubiri, akasoma. Maambukizi ya figo. Kipimajoto alichovaa Nakijwa mkononi kilikuwa kimeshaanza kupanda.

*

"Usimpe antibayotiki," alisema Profesa Devota Bahegwa. Uso wake ulijaza skrini yote ya ofisini. Ndiye aliyeongoza Taasisi, na ndiye aliyemleta Lwitiko pale.

"Profesa, hii ni figo. Angekuwa mtu mwingine ningeshamchoma sindano saa hii."

"Si mtu mwingine. Unajua dawa hiyo itafanya nini tumboni mwake."

Alijua. Dawa inayoua bakteria wa figo haichagui. Inapita tumboni kama moto kichakani, na jamii ile ya Usangi ilikuwa dhaifu kuliko nyingine zote mbele yake.

"Maabara inatengeneza virusi walaji," Profesa aliendelea. "Watakula bakteria wa ugonjwa peke yao na kuacha wengine wote. Kesho droni inaruka."

"Na huu ukungu?"

"Ukungu huondoka, Daktari."

Lwitiko hakutaka kuamua jambo hilo nyuma ya mlango. Alirudi kwenye kioo, akamweleza Nakijwa kila kitu bila kuficha, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kulia chakula. Nakijwa alisikiliza amejifunika blanketi hadi mabegani. Meno yake yaligongana kwa homa.

"Tusubiri hao virusi," alisema.

"Wakichelewa unaweza kufa."

"Nimesikia." Alinyoosha mkono akachukua kile kifaa ambacho kwacho wagonjwa walimtumia salamu za sauti. Alikuwa akizisikiliza kila jioni. Lwitiko alizoea vile sauti zilivyovuja kupitia kispika, akizijua nyingine kwa majina. "Unamkumbuka yule binti wa Tunduma? Alikuwa ameacha shule. Wenzake walimwita mama gesi. Jana ananiambia amekaa kwenye mtihani mwanzo hadi mwisho, hakuomba ruhusa hata mara moja. Yule dereva wa lori je? Yule mzee aliyeweza kukaa kwenye mazishi ya mkewe hadi kaburi likafukiwa?"

"Nawakumbuka."

"Hao ndio watu wangu, Daktari. Sina wengine. Kwa ajili yao sikuwepo mama yangu alipokufa. Sasa niwaangushe kwa sababu ya mgongo?"

"Si mgongo, Dada. Ni figo."

"Iwe figo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nakijwa aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akajilaza. Lwitiko alibaki palepale akitazama blanketi likipanda na kushuka. Alikuwa amesema kwamba amemsikia. Hakuwa ameahidi, na alijua kuwa Nakijwa ameichukua kama ahadi.

*

Ukungu haukuondoka. Kulipokucha ulikuwa umelala juu ya uwanda kama maziwa, hata uzio haukuonekana. Droni ilifika juu ya Chimala, ikageuzwa. Ikarushwa tena, ikageuzwa tena. Ikawashusha virusi Mbeya, wakapakiwa kwenye gari, nalo likakwama kwenye barabara iliyokatwa na mvua.

Ilipokaribia adhuhuri shinikizo la damu la Nakijwa lilianza kushuka. Lwitiko alivaa vazi la kujikinga, akaingia, akamwekea dripu ya maji ya chumvi. Ni mara chache sana alikuwa ameingia chumba kile. Kilikuwa kidogo kuliko kilivyoonekana kutoka nje ya kioo.

"Nanzia," Nakijwa alimwita. Nanzia alikuwa mdogo wake. "Epua chungu. Kinaungua."

"Ni mimi, Lwitiko."

"Epua, mdogo wangu. Watoto watakula nini?"

Akamshika glavu kwa nguvu za homa. Lwitiko alikaa amepiga magoti kando ya kitanda hadi vidole vilipolegea vyenyewe. Kisha akatoka, akapiga simu Dodoma.

"Ameanza kuweweseka. Nachoma dawa."

"Saa chache tu," alisema Profesa Bahegwa. Sauti yake haikuwa ya mtu katili, ilikuwa imechoka. "Gari linavutwa. Mwongezee maji, mpe dawa ya kupandisha shinikizo. Yeye mwenyewe alisema tusubiri, na alisema akiwa na akili zake timamu. Utamdharau? Maelfu ya watu, Lwitiko. Na wewe umo."

Na wewe umo. Lwitiko alikata simu bila kuaga.

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna tangu jana. Alipokubali kusubiri, je, alisubiri kwa kuwa Nakijwa amesema, au kwa kuwa tumbo lake mwenyewe lilikuwa linasubiri? Alijipima kama anavyopima wengine. Alikumbuka vile alivyolala usingizi usiku wa kwanza baada ya mbegu kushika, na alivyolia asubuhi yake kwa sababu hakuna kilichouma. Angefanya nini ili asirudi kule? Aliogopa jibu. Na kwa upande mwingine, akichoma dawa, je, ni kwa sababu ni haki, au ni kwa sababu anataka kujionyesha kwamba hakununuliwa na tumbo lake?

Hakupata mahali pa kusimama palipo safi. Kila njia ilimgusa.

Mwishowe aliacha kujitazama, akamtazama mgonjwa. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nakijwa alikuwa amesema tusubiri virusi. Hakuwahi kusema niache nife. Au alisema, kwa maneno mengine, na Lwitiko hakutaka kuelewa? Hakujua. Alijua tu kwamba mtu aliyekuwa mbele yake hakuweza kuulizwa tena, na kwamba baada ya muda kidogo hakutakuwa na wa kuulizwa kabisa.

Alivunja kichupa, akavuta dawa, akaiingiza kwenye mrija. Ilichanganyika na maji, ikashuka tone kwa tone. Hakuna kilichoonekana. Ukungu ulikuwa palepale dirishani. Alivua glavu, akamshika Nakijwa kwa mkono mtupu, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kulinda.

*

Homa ilishuka kesho yake. Nakijwa alifumbua macho akaomba maji, akayanywa yote, akatazama mkono wa Lwitiko usio na glavu ulioshika kikombe.

"Virusi walifika?"

"Hapana."

Alikirudisha kikombe polepole. "Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukasema umenisikia."

"Nilikusikia, Dada."

Aligeukia ukuta, akajifunika blanketi.

Vipimo vya choo vilirudiwa mara kwa mara. Jamii ya Usangi haikuwepo, na hata vidonge vyake vya mwisho aliporudishiwa havikushika tena. Walitafuta kwa wagonjwa waliopandikizwa wakitumaini kwamba huenda kuna mmoja ambaye imemkubali na kukaa. Kwa kila mmoja ilikuwa inafifia. Profesa Bahegwa alitoa tangazo fupi lisilotaja jina la mtu, lakini jina lilijulikana. Simu ya Lwitiko ilijaa. Wengine walimlaani. Mwanamume mmoja alilia tu hadi salio lake likaisha.

Nanzia alikuja kumchukua dada yake akiwa na kanga mpya begani na viatu vilivyojaa tope. Mlango wa chumba uliachwa wazi kwa mara ya kwanza. Nanzia alimkumbatia Nakijwa akalia, na Nakijwa alisimama wima katikati ya mikono yake, kama aliyesahau mikono ya kwake huwekwa wapi.

Lwitiko alibeba begi hadi kwenye gari. Hapo ndipo Nakijwa alipomgeukia.

"Mimi ningekufa mara moja, Daktari. Ningeshazikwa. Sasa wale wote wanarudi kulekule walikotoka, na mimi nimekaa, nazisikia sauti zao."

"Sikuweza kukutazama unakufa."

"Najua hukuweza. Ndiyo sababu nasema ulifanya kwa ajili yako."

Akapanda. Nanzia alimpungia Lwitiko mkono kwa aibu, kama anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine, na gari likashuka mlima.

Lwitiko alikaa kituoni akikabidhi vifaa. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama jikoni. Tumbo lake lilianza taratibu: gesi kidogo baada ya maharage, kisha maumivu ya alfajiri, kisha ile hofu aliyoijua, ikirudi kama mpangaji mwenye funguo zake. Alipofunga geti la kituo kwa mara ya mwisho, alikuwa ameshajua tena njia ya haraka kuliko zote ya kufika chooni.

*

Taasisi ilimwachisha kazi. Alikodi chumba Makambako, karibu na stesheni ya reli, akaweka kitanda, meza na benchi. Aliwapokea wale waliorudiwa na ugonjwa. Hakuwa na mbegu ya kuwapa. Alikuwa na vitu vidogo: dawa za kutuliza mkazo wa utumbo, ushauri wa chakula gani kiachwe kwa muda na kipi kirudishwe kidogo kidogo, mazoezi ya kupumua, na muda wa kukaa na mtu bila kumwambia kwamba hana ugonjwa. Wengi walikuja kwanza kumtukana. Aliwaacha wamalize, kisha akauliza jana waliamkaje. Baadhi hawakurudi. Waliorudi walirudi tena na tena.

Siku moja ya kiangazi, treni ilipokuwa imesimama, mwanamke aliingia akaketi mwisho wa benchi. Lwitiko hakumtambua hadi zamu yake ilipofika. Nakijwa alikuwa amekonda, shingo imetokeza mishipa.

Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

"Salamu sikupi," alisema.

"Sistahili. Habari za Usangi?"

"Salama." Akatazama mlangoni. "Si salama. Tumbo, Daktari."

Lwitiko aliweka kalamu chini.

"Nilifika nyumbani, wakanipikia. Ukoo mzima. Nilikula nao kwenye chungu kimoja, watoto wananigombania nikae kwa nani. Jioni tumbo likajaa kama ngoma. Nikasema ni furaha, nimezidisha. Kesho yake tena. Sasa kila siku. Nikila linauma, nisipokula linauma. Nimeomba kurudi kufundisha, nikasimama mbele ya darasa, na nilichokuwa nawaza ni choo kiko umbali gani." Aliongea haraka, macho yakiwa kwenye mkoba. "Nimekwenda hospitali, wamenipima kila kitu. Wanasema mimi ni mzima."

Lwitiko alijua kabla hajamaliza. Dawa ile haikuwa imechoma jamii moja tu. Ilifyeka msitu wote, na vilivyoota upya havikuwa vilevile. Hutokea kwa watu wengine baada ya maambukizi makali na dawa kali. Alimweleza hivyo, kwa maneno ya wazi, na akamwambia kwamba dawa ile ni yeye aliyeitoa.

"Hilo nalijua mwenyewe," alisema Nakijwa. "Sikupanda treni kuja kuambiwa hilo."

Nje mchukuzi alimwita mwenzake, mkokoteni ukapita ukigonga mawe.

"Ndivyo walivyokuwa? Wale wote?"

"Ndivyo."

"Na wewe?"

"Na mimi. Hata leo asubuhi."

Nakijwa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Miaka yote ile walikuwa wakinisimulia, na mimi nawaonea huruma, nalia nao. Nilidhani nimeelewa. Sikuelewa kitu. Nilikuwa mtu mwenye shibe anayesikiliza habari za njaa." Alipangusa uso kwa upande wa kanga. "Bado nimekukasirikia."

"Ni haki yako."

"Lakini nyumbani hakuna wa kumwambia. Nanzia ananipenda, ananiambia niombe Mungu na nile kidogo kidogo. Nikiondoka katikati ya chakula wanatazamana. Nimekaa peke yangu nyuma ya kioo miaka yote, na sijawahi kuwa peke yangu kama sasa." Akavuta pumzi. "Linaisha?"

Lwitiko alikuwa na jibu la kuwapa wagonjwa, lililopimwa vizuri, lenye tumaini kiasi. Lilifika hadi mdomoni. Hakulitoa.

"Kwa wengine linapungua sana. Langu halijaisha," alisema. "Kuna siku nzuri. Unajifunza kutozidai."

Treni ilipiga honi ya kuondoka. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi waligeuka kuitazama kupitia mlangoni, kwa kuwa walidhani mwanamke yule anaifuata. Nakijwa hakuinuka. Alisikiliza mabehewa yakipita hadi la mwisho, kisha akauweka mkoba chini, pembeni ya kiti.

"Basi niambie zile mbaya zinakuwaje," alisema. "Siku zako mbaya. Nataka kujua kama ni kama zangu."

Kwa miaka mingi Lwitiko alikuwa ameyaeleza maumivu yake kwa madaktari tu, na kwao aliyaeleza kama orodha. Tusekile hakuwahi kuambiwa zaidi ya nusu.

"Huanza kabla sijaamka," alisema. "Naota nimechelewa mahali."

"Mahali gani?"

"Sijui. Mlango siuoni."

"Mimi naota darasa," alisema Nakijwa, akasogeza kiti karibu na meza. "Endelea."

Naye akaendelea.